Ukurasa wa Viti vya Baba Mdogo

Chumba cha juu,
nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepoa, au bado unauma ukitoka zamu? Shemeji naye, na wale pacha wanaokula kama wachimba visima? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo tu, na mimi napumua, basi.

Kila ukiniuliza ukurasa wa mtandaoni wa karakana ya baba yako, Baba Mdogo wangu, umefikia wapi, nakujibu kwa vikatuni vya simu. Leo nimeona niandike barua kabisa.

Dada, nilianza kwa moto! Nilijifundisha Vue, chombo cha kujengea kurasa, mwenyewe kwa video, viti vyote vikakaa kwenye skrini. Akaja mwenzangu, yule tunayemwita Profesa, akacheka: "Wee Kibiriti, Vue ya nini? Watu wako React!" Tukabomoa. Nikapamba kwa Bootstrap, akasema vitufe vyangu vinafanana na vya kila mtu, kama sare za shule. Haya, Tailwind. Tukabomoa tena. Halafu mimi nikaona video ya Svelte... we acha tu. Kila chombo kipya kilinitia homa.

Baba Mdogo akipita na kikombe chake cha chai alikuwa akisema, "Nyie wanangu, mnachagua msumeno tangu mwaka jana. Mbao mtapasua lini?" Tunacheka wote. Kumbe mwenzetu anangoja kwelikweli. Viti vyake unavijua, havilali karakanani. Vanishi ikikauka tu vimekwenda. Picha ndiyo duka lake.

Mwisho tukachoka kugombana, tukapatana kijinga: orodha ya viti aijenge yeye kwa React, fomu ya kuagiza mimi kwa Vue, mapambo Bootstrap na Tailwind, vyote ndani ya ukurasa mmoja. Mafahali wanne zizi moja! Kwenye kompyuta ya Profesa ulipepea kama karatasi.

Akaja mama mwenye ukumbi wa harusi, anataka viti vya ukumbi mzima. Baba Mdogo, kifua mbele: "Fungua simu yako, mama, vimo vyote humo." Akafungua. Skrini weupe. Tukangoja. Weupe. Baba Mdogo akaifuta ile simu kwa shati lake, akidhani ni vumbi la randa. Ukurasa ulipokuja, umeelemewa na vyombo vinne, kitufe kimoja kikubwa kimelala juu ya picha zote.

"Nitapita siku nyingine, fundi," mama akasema. Hajapita.

Kazi ile ndiyo ingeiokoa karakana. Fundi wake wa mwisho ameondoka, mashine ya kukereza imebebwa, na kesho baba yako anaanza kupigilia fremu za milango kwa mtu mwingine. Hajanigombeza hata kidogo. Afadhali angenichapa.

Jana akaniomba kitu kimoja tu, wateja wa zamani wasisumbuke kuja bure. Nikaandika mistari miwili mitupu, bila React, bila Vue, bila pambo. Profesa hakubisha. Baba Mdogo akagusa simu yake ileile yenye ufa, ukafunguka hapohapo.

"Ee! Huu sasa unasomeka," akasema, akanipiga begani.

Umeandikwa: Karakana imefungwa. Asanteni kwa miaka yote.

Nisalimie Shemeji, na pacha uwabusu. Mpigie baba yako, ila habari za viti usimuulize. Mungu akushike mkono huko uliko, maana sisi huku mkono huo umetuponyoka.

Mdogo wako akupendaye,
Kibiriti