Kitabu cha Pili, Uani kwako Lusu

Bibi yangu,

Shikamoo huko ulikolala. Mwanangu Neema amemaliza kitabu cha kwanza cha yule msichana anayeamrisha upepo, sasa anataka cha pili. Nimekinunua, lakini kukifungua nashindwa.

Nilikuwa darasa la sita, nimekuja kwako kijijini Lusu likizo. Cha kwanza kilikuchekesha mpaka ukashika mbavu. Cha pili kilitisha: kijiji kizima kinamgeuka yule msichana. Macho yako, mekundu kwa moshi wa kuni, hayakuona herufi, basi nilikusomea kwa sauti. Maneno ya kuita upepo uliyapenda, tukawa tunayaimba pamoja.

Jirani yako, Mama Kulwa, alitusikia. Mwanawe alikuwa na homa isiyoshuka. Alasiri moja akaja na wanaume wenye marungu.

"Unamfundisha mjukuu wako uchawi!" alilia. "Mwanangu anakufa!"

Nilikimbilia mlango niufunge. Ukanidaka mkono. "Uache. Tukijifungia, wataamini." Ukavuta kigoda, ukakaa mbele yao. "Karibuni. Mjukuu wangu, wasomee. Anzia tulipoishia."

Nikawa napekua kurasa. Mwanaume mmoja akafoka, "Soma!"

Nikasoma. Kwenye maneno ya upepo walirudi nyuma wote. Hakikutikisika hata kijiti. Nikaendelea, hadi pale wanakijiji wanapofika kwa yule msichana wakiwa na mawe. Yule aliyefoka akashusha rungu, akauliza taratibu, "Wakampiga?"

"Sijafika hapo," nikasema.

Ukasimama, ukavua kanga yako ya mabegani, ukampa Mama Kulwa. "Mfunike mtoto, mumuwahishe zahanati. Hiyo ni malaria." Akasitasita, kisha akaipokea. Aliyeshusha rungu ndiye aliyewapakia kwenye baiskeli yake.

Mtoto alipona. Lakini Shangazi aliposikia, hakutaka ulale Lusu hata siku moja zaidi. Akakuhamishia kwake Ng'ambo, pale Tabora mjini, ukaacha mahindi shambani hayajavunwa, na kaburi la Babu kando yake. Hadi unafariki, kila mgeni wa kutoka Lusu ulimuuliza habari za shamba lako. Hakuna aliyekuja kukuomba radhi, Bibi. Hilo linaniuma hadi leo, na nikisikia watu wengi wakiongea nje, bado nainuka kufunga mlango.

Neema ananiita. Nitamsomea, lakini kwanza nitamjibu swali ambalo huniuliza kila tukienda makaburini: kwa nini wewe umelala Tabora, na Babu yuko Lusu peke yake.

Pumzika, Bibi.

Mjukuu wako, msomaji wako