Dakika Thelathini na Sita

Bolu, 4 Machi

Mwanangu Nurgül,

Salamu nyingi. Miguu inanisumbua kwa baridi, mengine mazima. Nyie je? Kikohozi cha mjukuu wangu Defne kimekwisha?

Nakuandikia kwa sababu ukiwa kazini simu unaiweka spika. Imekuja faini ya lile gari langu nililokuazima. Eti stika ya kwenye kioo ilisomwa kwenye lango la kulipia barabara hapa Bolu, kisha lango la Adapazarı, na katikati ni dakika thelathini na sita tu, safari ya karibu saa nzima! Nikaenda ofisini. Nikamwambia kijana wa dirishani, "Aliyeendesha ni binti yangu, na aliniambia alikwenda polepole. Mashine yenu ni mwongo, na wewe mwongo!" Nikaapa wallahi mbele ya foleni nzima. Watu wakanipigia makofi.

Nimefanya vizuri, au sivyo?

Mama yako

Adapazarı, 23 Machi

Mama mpendwa,

Nakubusu mikono. Hatujambo, kikohozi kimekwisha. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne.

Dakika ni hizo hizo. Siku ile uliponiambia mlangoni kwamba Kenan aliniacha kwa sababu ya mdomo wangu, nilikanyaga mafuta kutoka lango hadi lango. Uliponipigia simu nikakudanganya. Sikujua utakwenda kuniapia. Faini nimeshalipa. Nisamehe.

Binti yako

Bolu, 30 Machi

Nurgül,

Sijambo. Nimefunga siku tatu kwa ajili ya kile kiapo. Imamu alisema si lazima, maana nilidhani nasema kweli, ila moyo ulikataa. Halafu nikarudi kwa yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya foleni nyingine. Akasimama, akanishika mkono. "Shangazi, mimi huitwa mwongo asubuhi mpaka jioni. Hajawahi kurudi mtu." Nililia palepale dirishani.

Na yale ya mumeo sikupaswa kuyasema.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Siku ile ulikuja kumchukua Defne. Niambie alikuwa amelala.

Mama

Adapazarı, 11 Mei

Mama,

Nakubusu mikono. Natumai miguu imepata nafuu.

Hakuwa amelala. Alisema, "Mama, naogopa." Nikamfokea, "Basi fumba macho!" Akafumba.

Gari sijaligusa tangu nisome barua yako. Shuleni tunakwenda kwa basi la mtaani, linalotambaa na kusimama kila kona. Defne akishakaa tu, anafumba macho, hafumbui mpaka nimwambie tumefika. Jana nikamwambia, "Fumbua, mwanangu, utazame maduka."

Akaniuliza, macho bado kayafumba, "Hasira zimekwisha?"

Njoo ukae nasi siku chache, Mama. Tafadhali.

Binti yako,
Nurgül