Sungusungu Waliojaa Kwenye Damu Yako

Masanja, mtani wangu,

Mahindi ya Kasokola yameshavunwa. Shamba lako limetoa vizuri, vijana wako wamejaza ghala mpaka mengine wameyarundika chumbani kwa mama yao, na mkeo kutwa analalamikia panya. Ng'ombe wamesogezwa upande wa Mishamo kufuata malisho. Lile dume lako korofi bado ni korofi. Huku Shanwe, dukani kwangu, hakuna tena mtu wa kuingia asubuhi na kuuliza kwa sauti kama Wanyamwezi siku hizi wameacha kuchezea mizani. Wateja wananiona nimepoa, wanadhani naumwa.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ile ya hospitali.

Jina la ugonjwa tulikuwa tunalijua wote wawili. Uliniambia mwenyewe, macho yameshageuka manjano: saratani ya kongosho. Ukaongeza kwamba ugonjwa wenyewe umejificha huko nyuma ya tumbo kama Mnyamwezi aliyesikia anaitwa kulima. Tukacheka. Tulichokuwa hatukijui ni muda.

Majibu ya damu yalipotoka ulikuwa bado kwenye dripu, vijana wako wako machungani, kwa hiyo daktari akaniita mimi. Alinieleza taratibu. Alisema damu inaonyesha mwili wako unawaka kwa ndani. Zile chembe nyeupe zinazokimbilia kila hatari zimepanda sana, zile nyingine zenye kumlenga adui zimepungua, na protini ya damu nayo imeshuka. Hiyo si hukumu, alisema, watu wanatofautiana, lakini mgonjwa wa kongosho mwenye damu ya namna hii mara nyingi hana muda mrefu. "Mzee wangu, kama kuna safari au mambo ya familia, msiyasogeze mbele."

Na safari ilikuwepo. Dada Kabula, kule Maswa, aliyekulea baada ya mama yenu kufariki. Tangu uhamie huku na ng'ombe wako hukuwahi kurudi kumwona, na tangu uugue ulikuwa humtoi mdomoni.

Nikakukuta umekaa kwenye benchi la nje, pamba imebandikwa mkononi. Ukaniuliza daktari kasemaje. Nikajibu kama tulivyozoeana miaka yote, kwamba damu yako imejaa sungusungu, Msukuma hata akiugua lazima aite mkutano.

Hukucheka. Wewe umekuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, pale Kasokola, umekimbilia mayowe mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukaniangalia, ukasema, "Sungusungu hawatoki bure, Mnyamwezi. Wakitoka wengi hivyo, mwizi ameshaingia ndani. Niambie, nina muda wa kungoja mavuno au niende kwa dada sasa hivi?"

Masanja, uliniuliza swali la mtu mzima. Ulikuwa umeyasoma majibu yako mwenyewe, ulichotaka ni rafiki wa kukuitikia. Mimi nikaogopa. Nikaona uso wako ulivyokonda, nikashindwa, nikakimbilia kwenye utani. Nikasema hao sungusungu wamesikia una ng'ombe wengi, wamekuja kula nyama, wakishiba wataondoka; vuna kwanza, utakwendaje kwa dada mikono mitupu. Hapo ukacheka. Ulicheka mpaka ukashika tumbo kwa maumivu, ukasema haya, mavuno kwanza.

Ulizikwa mahindi yakiwa bado mabichi.

Msibani walinitafuta, kama desturi ya utani. Mtani wa marehemu yuko wapi, aje alale kaburini atudai kuku kabla hatujafukia. Unajua nilivyojigamba kwamba siku yako nitawadai ng'ombe mzima. Nilisimama nyuma ya wanaume wengine, mikono kifuani, wakaona aibu kunisukuma. Wakafukia. Nisamehe, hukuzikwa na mtani, ulizikwa na mtu anayelia tu.

Dada Kabula alifika baada ya mazishi. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana sauti yako. Alikaa barazani akaangalia zizi lako kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ng'ombe zote hizi, hata nauli ya kuja kuniona ilikosekana? Nyie mliokuwa naye, aliwahi hata kunitaja?"

Mkeo alisema ulikuwa unamtaja kila siku. Dada akatikisa kichwa, akaona anabembelezwa tu. Na mimi nilikuwa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Nikafungua mdomo, na kilichonijia mdomoni kilikuwa utani. Nikaufunga. Kesho yake akapanda basi, akaondoka akiamini mdogo wake alimsahau.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Kifo chako nisingekizuia, wala daktari hakukizuia. Lakini uliondoka na hamu ya dada yako, naye amebaki na kinyongo juu yako ambacho hukustahili.

Duka nimemwachia mke wangu. Jumatatu nakwenda Maswa. Nitamwambia swali uliloniuliza pale kwenye benchi, kwa maneno yako yale yale, kisha nitamwambia aliyejibu ni nani. Akinitukana nitapokea. Akinifukuza nitakaa uani kwake mpaka anisikilize.

Pumzika, Msukuma wangu. Nakuahidi sitamchekesha.

Mtani wako,
Mnyamwezi wa Shanwe