Kitambulisho Changu na Jumbe za Kamari

Mamboleo,
Kisumu.
9 Machi 2026

Mpendwa Mjomba Ondiek,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Voi? Sisi tu wazima. Mama bado anauza nguo sokoni Kibuye, ingawa tangu tumzike Nyanya kule Pap Onditi hacheki sana.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu wewe hunichekesha mpaka nasahau nilichotaka kuuliza.

Siku ya matanga uliniomba simu na kitambulisho, ukasema utanitafutia kazi. Nilifurahi, maana nilikuwa nimekichukua kwa chifu juzi tu. Baadaye ukaniambia pesa ikiingia kwenye simu yangu ni ya mteja wako, nikutumie. Nilituma mara tatu bila kuuliza.

Wiki jana Mama alishika simu yangu akakuta ujumbe wa kampuni ya kamari: "Hongera Maryanne, umeshinda." Akaniuliza, "Kumbe kitambulisho ulikitafutia haya?" Nilisema sijui, naye hakuniamini. Simu sasa anakaa nayo yeye, na amesema chuo cha ualimu nikisahau.

Nilimwendea Naeema, rafiki yangu anayefanya kazi saiba, pale dukani kwa intaneti. Alinisomea sheria mpya ya kamari za mtandaoni: kampuni lazima imjue mchezaji kwa kitambulisho chake, na aliyezuiwa asiruhusiwe kucheza. Nikamuuliza kwa nini mtu mzima atumie jina la mwingine. Akasema, "Huyo amefungiwa mlango, dada. Dirisha ni wewe."

Mjomba, wewe una kitambulisho tangu kabla sijazaliwa. Changu ulikitakia nini? Na ile kazi, mbona hujaitaja tena? Nisamehe kama nakukosea, lakini nikifikiria nani aliwahi kushika simu na kitambulisho changu pamoja, nakuona wewe tu.

Mimi na Naeema tumejaza fomu ya kufunga hiyo akaunti ya kamari iliyo kwa jina langu. Wanauliza nani aliifungua. Hapo nimeacha wazi mpaka Jumamosi, tarehe ishirini na nane. Tafadhali mpigie Mama kabla ya siku hiyo, umwambie wewe mwenyewe. Atalia, kisha atakusamehe. Nikisema mimi, ataona namsingizia ndugu pekee aliyebaki naye.

Lakini usipopiga, jina nitaliandika.

Nisalimie Anti Dolphine na mtoto Shantel. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe ujasiri wa kupiga hiyo simu.

Mpwa wako, akupendaye bado,
Maryanne Achola