Sanduku la Akina Kambale

Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika na vumbi jeusi limetulia. Sina furaha wala huzuni, nimechoka tu.

Faili ya wagonjwa ya kituo chetu cha afya niliijenga mwenyewe kwenye kompyuta, ya aina tuli. Mashine inalipigia hesabu jina la mgonjwa na kupata namba ya sanduku la kuwekea rekodi yake. Idadi ya masanduku haibadiliki. Moja likijaa, rekodi za ziada zinapanga foleni nyuma yake, na mashine inazisoma moja moja.

Jana Mama Furaha, muuguzi mkuu, aliniita. "Papa, mashini yako inachelewa sana. Mutoto amengoja fishi yake mupaka tukamuandikia ingine." Fishi hiyo mpya, karatasi ya rekodi yake, haikusema kwamba penisilini inamdhuru mtoto. Mama yake ndiye aliyesema, sindano ikiwa tayari.

Niliogopa.

Nikamjibu kwamba wakimbizi wameongezeka, faili tuli imezidiwa, tuhamie faili inayokua, ambayo sanduku likijaa hugawanyika. Alikubali, nami nikajiona fundi.

Leo asubuhi nimeijaribu. Sanduku moja likagawanyika, likagawanyika tena, na kila mara upande mmoja ukabaki umejaa, wa pili mtupu. Nikachungulia ndani. Wote walikuwa Kambale.

Sisi Wanande tunampa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, nyumba hii na ile. Jina moja hutoa namba moja, kwa hiyo ugawe mara mia, hawaachani. Nami ni Kambale, na nilichukua jina la zamu peke yake kuwa ufunguo, yaani kile ambacho mashine inakipigia hesabu. Mgeni angesamehewa.

Sasa ufunguo ni namba ya kadi ya mgonjwa, kila mtu na yake. Faili inayokua nimeibakiza, maana wagonjwa hawataacha kuja. Rekodi inatokea kabla sijavuta kiti.

Ningelala vizuri, ila mchana nilipita karibu na foleni ya wagonjwa. Mama Furaha alikuwa anamwambia mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru: "Muko bengi, njo maana mashini inashindwa." Yule mama akainamisha kichwa, akaomba radhi.

Ameomba radhi kwa kosa langu.

Mimi nilikuwa hapo, na nikanyamaza. Kesho, kabla foleni haijaanza, nitamwambia Mama Furaha ukweli wote. Lakini yule mama wa Rutshuru, nitampata wapi?