Wimbo wa Baba Kwenye Ajua

Kendu Bay, Aprili 1966

Kaka yangu Cephas,

Huku mvua imeanza na mahindi yameota vizuri. Shati ulilotuma kutoka Masara limemtosha Baba.

Tangu apooze alikuwa hajatoa sauti yoyote. Sikukuandikia nisije nikakutia hofu huko mgodini. Jana nilimwekea ubao wa ajua na mbegu zake, tukacheza bao. Mara akaanza kuimba, mdomo umefumbwa, ule wimbo wake wa kutuzuia tusisikie mbegu zikigongana anapotuibia. Hata kwaya ya Sabato haijawahi kunifurahisha hivyo! Nikachungulia kiganja chake: mbegu zangu zimo.

Nililia, kaka. Akadhani nalilia kushindwa, akanicheka kwa sauti.

Dada yako aliyeibiwa,
Roseline