Nilijaza Orodha, Wakamchukua Ndugu Yangu

Mpendwa Mama Beldina,

Naomba unisaidie, na usinifiche neno hata kama litaniuma, kwa sababu nimefika mahali ambapo hata swala nasali nusu nusu, nikisujudu namwona ndugu yangu amevaa zile nguo za njano za gerezani na nasahau niko rakaa ya ngapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mnubi wa Jinja, nimelelewa Kimaka, baba yetu alikuwa mpishi wa jeshi mpaka alipofariki, na sasa naishi Mbale, Nkoma, nimepanga vyumba viwili na nafanya kazi katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya divisheni moja ya jiji ambayo sitaitaja. Naishi na ndugu yangu mdogo, Wahab, ana miaka ishirini, nilimchukua kwa mama alipomaliza shule ili ajifunze umakanika, na tangu aje hajanijibu vibaya hata siku moja, akitoka gereji ananawa grisi nje ndipo anaingia, hata sigara hajui inashikwaje.

Mwaka jana divisheni yetu ilipata ruzuku ya kupambana na bangi. Ilikuwa na sehemu mbili, moja ni ya msako, yaani mafuta ya gari la polisi na posho ya askari wa kukamata wauzaji na kung'oa mashamba kule chini ya mlima Wanale, na nyingine ni ya kuwakinga vijana, hiyo ndiyo niliyopewa mimi, niwakusanye ukumbini kila Jumatano, tuongee nao, tuwasaidie waache. Masharti yalisema lazima wawe vijana thelathini wanaovuta au waliowahi kuvuta, kila mmoja aandikwe jina, kijiji, namba ya simu na sahihi, na pembeni kuna kisanduku cha kutia alama kwamba anatumia. Wewe unayajua mambo ya semina huku kwetu, bila orodha ya mahudhurio hata ukifundisha malaika wataambiwa hawakufundishwa.

Niliwapata ishirini na mmoja. Niliwaapia kwamba wanachosema hakitatoka nje ya ule ukumbi, na Wallahi nilikuwa namaanisha, nao wakafunguka, kulikuwa na msichana mmoja, nitamwita Nandutu, alikuja wiki ya kwanza amejifunika kanga mpaka macho na wiki ya tano ndiye aliyekuwa akiwakaribisha wenzake mlangoni. Lakini ishirini na mmoja si thelathini, na ripoti ilipokaribia bosi wangu, tumwite Bwana Masaba, akaja kusimama mbele ya meza yangu akasema, "Wewe, imebaki tisa tu na unalia? Huna watu nyumbani? Jaza hapo. Hii pesa ikirudi Kampala, hata hao yako ishirini na moja utapeleka wapi?"

Nikajaza. Niliandika binamu zangu, nikaandika mume wa rafiki yangu, nikaandika mwenye duka anayetukopesha sukari, majina manane, na la tisa nikaandika Wahab, nikamtilia alama ya kuvuta bangi na nikamwekea sahihi. Nilichagua watu wangu kwa sababu wafadhili huwa wanapiga simu kuhakikisha, na mtu wako hawezi kukukana.

Na kweli waliyempigia ni yeye. Nilikuwa nimemwandaa, nimemwambia wakikuuliza sema ulikuwa unavuta na sasa mafunzo yamekusaidia, akacheka sana, akasema, "Dada, mimi kuvuta bangi? Mama akisikia atakufa mara mbili." Lakini alisema, kwa sababu nilimwomba, na yule wa simu akaandika kwamba kijana amekiri.

Mwezi wa pili Bwana Masaba akaniambia nitoe kopi ya orodha, eti ni ya kiambatisho, nikatoa, nikaibana vizuri kwa pini na sikuuliza inakwenda wapi. Ilikwenda polisi. Ile sehemu ya msako haikuwa na watu wa kuonyesha, wauzaji wenyewe walikuwa wameshapata habari mapema wakahama, na ripoti inayodaiwa ni moja kwa sehemu zote mbili, kwa hiyo wakaona wachukue walioandikwa tayari.

Saa nne asubuhi walifika gereji, Wahab akiwa chini ya gari la mteja, wakasoma jina lake, akajitoa chini akasema, "Ndiyo, afande." Nyuma ya matairi mabovu wakakuta bangi imefungwa kwenye gazeti. Gereji ile ina vijana sita na nyuma yake kila mpita njia anaingia kukojoa, lakini jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa lake.

Nilipokwenda kumwona gerezani wameshamnyoa, hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Alisema, "Dada, ile karatasi ya afande, mimi niliona mwandiko yako. Nikanyamaza tu." Nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akanishika mkono akasema, "Wewe ukisema, kazi yako inaenda, na wewe pia wanakuleta huku. Dawa ya mama nani atanunua? Mimi nitakubali makosa, iishe." Kesi inatajwa tarehe kumi na nne na siku hiyo ndiyo anataka kukubali, Mama Beldina, mtu ambaye hajawahi kuvuta atasimama mbele ya hakimu aseme ndiyo, nilivuta, ile ni yangu, kwa sababu mimi nilimfundisha kusema hivyo kwenye simu.

Mama kule Jinja ana presha, nimemdanganya kwamba Wahab yuko kozi Soroti, kila nikipiga anauliza mbona simu yake haipatikani na mimi namjibu huko mtandao ni mbaya. Bwana Masaba anasema ninyamaze, ruzuku ya mwaka wa pili iko njiani, ripoti ikichafuka tutaanguka wote, na kijana hana rekodi atapewa adhabu ndogo. Wale wa Jumatano wawili wamekamatwa, wengine wametawanyika, Jumatano iliyopita nilikaa ukumbini peke yangu na kreti mbili za soda. Nandutu alikuwa ameacha mwezi mzima, nasikia amekimbilia kwa bibi yake juu Wanale na ameanza tena.

Kazini naandika na sijui naandika nini. Je, kuna njia ya kumtoa Wahab bila mimi kusema nilichofanya? Kuna mtu naweza kumwona, hata kwa siri? Tafadhali usitaje jina langu, nikijulikana nimekwisha.

Ni mimi niliyekwama,
Nkoma, Mbale

MAMA BELDINA ANAJIBU

Wewe uliyekwama,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu tarehe kumi na nne haingoji foleni.

Pole sana. Nimesoma pale alipokushika mkono, nikaiweka barua chini nikatoka nje kidogo. Nimekupa pole yangu, sasa nisikilize.

Unauliza kama kuna njia ya kumtoa bila wewe kusema. Hakuna. Nimekaa na swali lako siku mbili, nimemuuliza na wakili anayenisaidia katika ukurasa huu, na jibu halikubadilika. Bangi ya nyuma ya matairi ingeweza kuwa ya yeyote. Kinachomfunga ni ile orodha na yale maneno ya kwenye simu, na vyote viwili vimetoka kwako. Hakuna mkubwa wa kumwona kwa siri. Mtu anayejua ukweli wa karatasi ile na anayeweza kuusema mahakamani ni wewe.

Usiniletee habari za Bwana Masaba. Alisema jaza, ndiyo, na aone aibu, lakini kalamu uliishika wewe, na sahihi ya kijana wa watu uliighushi wewe, halafu ukaibana kwa pini. Na hiyo "adhabu ndogo" anayokuimbia ni ndogo kwake yeye. Wahab akishakubali kosa la bangi amelibeba. Kila askari atakayetakiwa kuonyesha watu ataanzia pale gereji, kama gereji itamrudisha.

Lakini kilichonikasirisha kuliko vyote umekiandika mwishoni, mistari mitatu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wale ishirini na mmoja! Wewe uliwaapia. Ndugu yako amefungwa kwa uongo wako, na wale wawili wamefungwa kwa sababu walikuamini wakasema kweli. Nani huko chini ya Wanale atakayeingia tena ukumbini kumwambia mtu wa serikali kwamba anavuta na anataka kuacha? Mlipewa ruzuku ya kuwakinga vijana, mkawakusanya, mkawaandika na mkawakabidhi. Sijui hilo litarekebishwa vipi, na sitakudanganya kwamba najua.

Unaloweza kulifanya ni hili. Leo, kabla droo ya ofisini haijafungwa na mtu mwingine, toa kopi ya orodha yenye mwandiko wako, utoke nayo. Usiende polisi peke yako na usimuage bosi wako. Nenda kwa wakili wa msaada wa bure wa kisheria, wapo hapo mjini, umweleze majina tisa, uliyajaza lini, nani alikuambia, na orodha ilifikaje polisi. Aandike, utie sahihi, na safari hii iwe yako. Mwombe aende gerezani kabla ya tarehe kumi na nne amwambie Wahab asikubali kosa, maana akikukuta wewe tu pale atakukatalia tena. Mtaje na wale wawili wa Jumatano katika maelezo yako. Kisha wapigie simu wale wanane wengine, binamu, mwenye duka, wote, wajue majina yao yako wapi. Sasa hivi kuna mtu anapima sukari dukani hajui kwamba serikali imemwandika mvuta bangi.

Halafu panda gari uende Kimaka. Hakikisha mama amemeza dawa zake, kaa naye chini, umwambie kwa mdomo wako. Atalia, pengine atakufukuza. Afadhali akufukuze wewe kuliko apate habari kwa jirani. Ukirudi, panda Wanale ukamwambie Nandutu ni nani aliyetoa jina lake. Usimwombe msamaha siku hiyo. Mwambie tu, ili ajue hakukosea kusema.

Unataka nikuambie kwamba ukifanya haya yote Wahab atatoka. Siwezi. Mahakama zetu unazijua, anaweza kukaa ndani miezi na wewe umeshasema. Kazi itakwenda, nadhani, na huenda ukashtakiwa pia. Dawa za mama zitakuwa tatizo kweli, hapo Wahab hakukosea. Lakini yeye ana miaka ishirini na amejitolea kwenda jela ili wewe uendelee kukaa katika ile ofisi kujaza karatasi nyingine za aina ile ile. Huo mkono aliokushika huna haki ya kuukubali.

Jambo la mwisho, na nilitaka kulinyamazia nikashindwa. Uliniomba nisitaje jina lako na sijalitaja. Bosi wako ulimpa jina la bandia. Yule msichana ulimpa jina la bandia, na divisheni ukaificha. Ndugu yako peke yake ndiye uliyemwandika wazi, majina yake yote mawili, na jina la gereji, na namba ya kesi, ukanitumia nichapishe watu wasome kuanzia Mbale mpaka Jinja. Gereji na namba nimezifuta mimi. "Wahab" nimempa mimi. Hata katika barua ya kumwombea msaada hukukumbuka kumfunika.

Ukifika kwa wakili, kabla hajakuuliza kitu, anza na jina lako.